RON WEASLEY, RAFIKI MWENYE KURUDI



Munajua namna vitabu vya Harry Potter vinavyotembea kati yetu. Kimoja kinapita toka mkono hadi mkono mpaka jalada linaanguka. Wakati wa mazungumzo, vijana wote wanataka kuwa Harry, na wasichana wote wanataka kuwa Hermione, sababu yeye njo wa kwanza katika masomo. Lakini hakuna anayesema: «Mimi ni Ron.» Ron anabaki pembeni, sawa mtu wa kubebea wengine mizigo.

Katika ukurasa huu nataka kueleza Ron ni nani, uaminifu wake uko wa namna gani, na juu ya nini mwanafunzi anaweza kupata kwake fundisho kubwa kuliko kwa Harry mwenyewe. Neno langu ni moja: Ron haitwi rafiki mwaminifu kwa sababu hakumwacha Harry hata siku moja. Alimwacha, tena mara mbili. Njo maana inafaa tumtazame vizuri.

1. VITABU VYENYEWE

Kwa wale ambao hawajasoma bado, mwandishi ni mama mmoja Mwingereza, J.K. Rowling, aliyezaliwa mwaka 1965. Aliandika vitabu saba. Cha kwanza kilitoka London mwaka 1997, cha saba kilitoka mwaka 2007. Vimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 80, na vimeuzwa zaidi ya milioni 500. Vilitengenezwa pia filme nane, toka mwaka 2001 mpaka 2011, na kijana Rupert Grint njo aliyecheza Ron katika zote. Sisi tunavisoma kwa Kifaransa, katika tafsiri ya Jean-François Ménard iliyoanza kutoka mwaka 1998. Kwa hiyo nitafuata majina ya Kifaransa: shule ambayo Waingereza wanaiita Hogwarts, kwetu ni Poudlard.

Hadithi kwa ufupi ni hii. Harry ni yatima. Mchawi mbaya Voldemort aliwaua wazazi wake wakati yeye alikuwa na mwaka mmoja tu. Akitimiza miaka 11 anapata habari kwamba ana nguvu za maajabu na kwamba anangojwa Poudlard. Kila kitabu ni mwaka mmoja wa masomo, paka ule wa saba, ambao Harry na rafiki zake hawarudi shuleni. Wanatembea porini na hema, wakitafuta njia ya kumshinda Voldemort.

Wengine watauliza: hivi si vitabu vya uchawi? Ulizo hilo ni la haki katika inchi yetu, ambamo neno «mchawi» linaweza kumfukuzisha mtoto ama mzee nyumbani mwake. Jibu langu ni fupi. Uchawi wa kitabu hiki ni jambo la kubuni, sawa sungura na chui wanaosema katika hadithi za babu zetu. Hakuna aliyekwisha kuruka na ufagio kwa sababu alisoma. Tena, ndani ya kitabu chenyewe, mwenye kuua na kutaka kutawala wengine njo adui. Aliye na mashaka asome kwanza pamoja na mzazi ama mwalimu wake, kiisha aamue.

2. MTOTO WA SITA

Jina lake kamili ni Ronald Bilius Weasley. Kwao ni watoto saba: Bill, Charlie, Percy, mapasa Fred na George, yeye Ron, kiisha Ginny, binti wa pekee. Baba yao Arthur anatumika katika Wizara, lakini mshahara ni mdogo. Mama Molly anafuma sweta za watoto wake kwa ajili ya Noeli.

Sisi tunaotoka katika nyumba za watoto saba ama nane tunamfahamu Ron upesi. Anafika shuleni na nguo za zamani za yaya Bill, kijiti cha maajabu cha zamani cha yaya Charlie, na panya mzee wa yaya Percy. Hakuna hata kitu kimoja kipya. Na si vitu tu. Bill alikuwa mkubwa wa wanafunzi wote. Charlie alikuwa kapiteni wa ekipe. Percy ni msimamizi. Mapasa wanachekesha shule yote. Ron akifanya vizuri, watu watasema wakubwa wake walikwisha kufanya vile mbele yake. Akishindwa, watauliza mbona wakubwa wake waliweza.

Na rafiki anayempata ni nani? Ni Harry, mtoto ambaye jina lake linajulikana na watu wote. Walikutana katika treni ya kwenda shule, tarehe 1 ya mwezi wa 9. Ron alikuwa na mkate wenye nyama ya kopo, aliofungiwa na mama yake, na nyama hiyo haipendi. Harry alikuwa na feza mfukoni, lakini katika maisha yake hakuwa bado amepata mtu wa kugawana naye kitu. Akanunua bonbon na keki nyingi, wakala pamoja. Urafiki wao ulianza kwa chakula, sawa vile urafiki mwingi wa internat unavyoanza.

Katika kitabu kile cha kwanza kuna kioo kinachomwonyesha mtu tamaa kubwa ya moyo wake. Harry akijitazama, anaona baba na mama yake waliokufa. Ron akijitazama, anajiona yeye peke yake, mkubwa wa wanafunzi, ameshika kikombe cha ushindi mkononi. Mmoja anatamani kuwa na jamaa. Mwingine yuko na jamaa kubwa, naye anatamani kuonekana ndani yake. Kila mmoja ana kile ambacho mwenzake anakosa. Basi tangu mwanzo mwandishi ametuonyesha mambo mawili: kwa nini watapendana, na mahali ambapo wivu utaingilia.

3. KAZI ALIZOFANYA

Mbele ya kusema alivyoondoka, tuhesabu kwanza alivyobaki.

Mwisho wa kitabu cha kwanza, watoto hao watatu wanafika mahali ambapo njia imefungwa na mchezo mkubwa wa sataranji, ule ambao Wafaransa wanauita échecs. Wao wenyewe wanapaswa kusimama mahali pa sanamu za mchezo. Harry hajui vizuri kucheza. Hermione, na akili yake yote, hawezi zaidi. Ron njo fundi. Anawapanga wenzake, yeye anakuwa farasi, anaongoza mchezo mpaka anaona kwamba kuna njia moja tu ya kushinda: yeye apigwe na malkia wa adui, ili Harry apate nafasi ya kumfunga mfalme. Wenzake wanakataa. Yeye anaendelea, anapigwa, anaanguka. Alikuwa mtoto wa shule wa mwaka wa kwanza. Mkubwa wa Poudlard, Dumbledore, anampa pointi 50 kwa ajili ya mchezo huo.

Katika kitabu cha pili, Drago Malefoy anamtukana Hermione kwa sababu wazazi wake si watu wa maajabu. Ron anatoa kijiti chake kumtetea, lakini kijiti kimevunjika na kufungwa na utepe, kwa hiyo adhabu inamrudia mwenyewe: anatapika konokono. Watu wanacheka. Lakini mutazame vizuri: kijana ambaye hana kijiti kizima njo anasimama kumtetea. Mwaka ule ule anamfuata Harry ndani ya msitu, mpaka kwa buibui wakubwa sana, na yeye anaogopa buibui tangu akiwa na miaka mitatu, wakati Fred alipogeuza mwanasesere wake kuwa buibui.

Katika kitabu cha tatu mguu wake umevunjika. Wote wanafikiri mtu aliye mbele yao, Sirius Black, amekuja kumwua Harry. Ron anajikaza juu ya mguu ule na kumwambia kwamba akitaka kumwua Harry, itabidi awaue wote watatu. Ninyi mulioona paka filme ya mwaka 2004 hamujui jambo hili, kwa sababu kule neno hilo walimpa Hermione aliseme. Njo desturi ya mtu wa pili: hata neno lake zuri linaweza kupewa mwingine.

4. MARA MBILI ALIONDOKA

Mara ya kwanza ni katika kitabu cha nne. Kuna mashindano makubwa na ya hatari, na wanafunzi wadogo wamekatazwa. Hata hivyo jina la Harry linatoka katika kikombe cha kuchagulia. Harry hakuliweka. Lakini Ron anafikiri ameliweka kwa siri, bila kumwambia rafiki yake. Wivu wa miaka mitatu unatoka siku moja. Wanaacha kusemezana karibu majuma matatu. Wanalala katika chumba kimoja, hawazungumzi. Ninyi wa internat munajua uzito wa kimya kile.

Mara ya pili ni nzito zaidi. Ni katika kitabu cha saba. Vita imefika. Watatu wanaishi katika hema, wanasumbuliwa na njaa na baridi. Ron ana jeraha mkononi, na hajui kama watu wa kwao ni wazima. Tena wanabeba kwa zamu médaillon, ni kusema mkufu wenye kidude cha kufunguka, ambamo kipande cha roho ya Voldemort kimefichwa. Kitu hicho kinatia uchungu katika moyo wa anayekivaa, na Ron kinamshika kuliko wenzake. Usiku mmoja wa mvua wanagombana. Ron anaweka mkufu, anatoka nje, anakwenda.

Mwandishi hakuficha jambo hili na hakulipaka sukari. Ron aliwaacha wenzake wakati walikuwa na lazima naye.

Lakini hapa tuwe waangalifu tusichanganye mambo mawili. Katika hadithi hii kuna rafiki mwingine, Peter Pettigrow. Yeye alikuwa rafiki wa baba yake Harry. Hakugombana naye, hakuondoka kwa kelele. Alibaki karibu, akachekelea, na kwa siri akaonyesha adui mahali walipojificha. Wazazi wa Harry walikufa kwa sababu ya mtu huyu. Na munajua alijificha wapi kiisha? Alijigeuza panya. Kwa miaka 12 aliishi kwa jamaa ya Weasley. Panya mzee wa Ron njo yeye. Rafiki msaliti alikaa miaka yote katika mfuko wa rafiki mwaminifu.

Basi kuna kuondoka na kuna kuuza. Ron aliondoka na hasira, lakini hakuwauza wenzake. Pettigrow alikaa karibu, na akauza. Tusipime uaminifu kwa kuhesabu tu nani anakaa karibu nasi kwenye meza.

5. NAMNA ALIVYORUDI

Mara ya kwanza anarudi kiisha kumwona Harry akipigana na joka. Anafahamu kwamba aliyeweka jina lile alitaka Harry afe. Anafika, uso mweupe, anaanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha. Harry anaona anavyoteseka na anamzuia: yatosha, tusahau. Hermione, ambaye majuma yote yale alikuwa akipita katikati ya mmoja na mwingine, analia kwa furaha.

Miezi mitatu nyuma ya hapo linakuja shindano la pili. Wenye kusimamia wanachukua kutoka kwa kila mshindani kile ambacho atakikosa kuliko vyote, na kukificha chini ya ziwa. Kwa Harry hawakuchukua ufagio wake. Walimchukua Ron. Yule mtoto wa sita, aliyefikiri hakuna anayemwona, alikuwa kitu cha bei kubwa kuliko vyote vya rafiki yake.

Mara ya pili njia ya kurudi ilikuwa ngumu. Ron alijuta papo hapo, lakini akaanguka mikononi mwa watu wa adui. Alipojiponyesha, wenzake walikwisha kuhamisha hema, na hema lilikuwa limefichwa hata rafiki asiweze kuliona. Alizunguka majuma mengi. Kilichomsaidia ni kifaa kidogo ambacho Dumbledore alimwachia mbele ya kufa, Déluminateur, chenye kuzima na kuwasha taa. Siku ya Noeli alisikia ndani yake sauti ya Hermione ikitaja jina lake. Taa ikatoka, ikamwingia kifuani, ikamwongoza.

Alifika usiku wa baridi kali, wakati Harry alikuwa amezama katika maji ya barafu akitafuta upanga, na mkufu ulikuwa unamkaba shingo. Ron hakuanza na hotuba. Aliruka ndani ya maji na nguo zake, akamtoa, na upanga akautoa. Kiisha Harry anafanya jambo ambalo wasomaji wengi wanalipita mbio: anampa Ron upanga ili yeye njo avunje ule mkufu. Mkufu unafunguka na kusema kwa sauti hofu zote za Ron: kwamba mama yake alitaka binti, kwamba Hermione anampenda mwingine. Ron anatetemeka, kiisha anapiga. Hofu yake imesemwa mbele ya rafiki yake, na urafiki haukufa.

Ron anasema Dumbledore alimpa kifaa kile bila shaka kwa sababu alijua atakimbia. Harry anamsahihisha: alijua kwamba siku zote utataka kurudi.

Hermione hakupokea vile. Alimpiga Ron ngumi, na siku nyingi alimnunia. Naye alikuwa na haki, sababu yeye pia aliachwa. Kusamehe si kusema hakuna kilichotokea. Harry alipokea upesi, Hermione alipokea polepole, lakini wote wawili walipokea.

6. FUNDISHO KWETU

Katika kitabu cha tano Ron anapata barua: amechaguliwa kuwa «préfet», na Harry hakuchaguliwa. Wadogo wasichanganyikiwe. Kwetu Kongo préfet ni mkubwa wa shule, mwenye ofisi na muhuri. Katika shule za Waingereza ni mwanafunzi anayesaidia kulinda utaratibu, ni kusema kapita, sawa mimi. Ron hakupewa muhuri wa mtu. Lakini mama yake alifurahi mpaka akamnunulia ufagio mpya, na kwa mara hii Harry njo aliyesikia wivu. Akajiuliza kimoyomoyo kama alifanya mazuri kuliko Ron, akaona aibu kwa wazo lile, akampongeza. Basi wivu si ugonjwa wa Ron peke yake. Unatembea, na kila mtu zamu yake inafika.

Tunaona hapa kila mwaka. Majina ya makapita yakisomwa, kuna marafiki wawili ambao jioni ile hawatakula pamoja. Pointi zikitangazwa, vilevile. Mmoja akilipiwa masomo mpaka mwisho na mwingine akirudishwa nyumbani kwa ajili ya feza, vilevile. Na mimi nimeona jambo hili: urafiki mwingi hauvunjwi na ugomvi wenyewe. Unakufa kwa sababu aliyeondoka hajui namna ya kurudi, na aliyebaki amefunga mlango.

Kwa hiyo nasema maneno matatu, moja kwa kila mmoja.

Kwa aliyeondoka: rudi na kazi, si na maneno mengi. Ron alirudi kwa kuruka majini.

Kwa aliyeachwa: una haki ya kukasirika sawa Hermione, lakini usimlipishe mwenzako mpaka senti ya mwisho. Na akirudi, umpe kazi ya heshima, sawa vile Harry alivyotoa upanga.

Kwa aliye katikati: usipeleke maneno ya kuchoma toka kitanda hadi kitanda. Peleka yale ya kuponya.

Wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ni kweli. Lakini mara nyingine anakufaa katika dhiki kiisha kukukimbia katika dhiki ile ile, na hapo tusimfute jina kwa haraka. Sisi wa mwaka wa sita tutaandika egzame ya Leta, kiisha tutatawanyika, mmoja Goma, mwingine Kisangani, mwingine kijijini kwao. Aliye na mtu ambaye hasemezani naye anazo siku chache tu za kuvuka chumba na kumsalimia. Chumba kile si kikubwa. Mimi nimekihesabu kwa hatua wakati wa kuzima taa: ni hatua kumi na mbili.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA JIONI

1. Harry angefanya nini kama Ron angerudi bila kuomba msamaha?
2. Ni nini kinachotenga Ron na Pettigrow?
3. Je, mtu anaweza kumwonea rafiki yake wivu na kumpenda kwa wakati mmoja?

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita